Nani Alisema Kuhesabu Saa Ni Dhambi?

Jumapili iliyopita mchungaji mmoja wa hapa Kolwezi, ambaye simtaji jina maana wenzake wengi wangedhani nawasema wao, alitangaza mimbarani kwamba mfanyakazi mcha Mungu hahesabu saa zake wala hadai karatasi ya mshahara. Kazi ni neema, alisema, na anayeidai neema risiti ana roho ya uasi. Watu wakapiga makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni vijana wa sutretansi, wale walioajiriwa na makandarasi wa migodi, ambao wengi wao hawajawahi kushika buletini ya mshahara mkononi.

Baada ya makofi zikapita bahasha za fungu la kumi. Kila bahasha ina jina na namba, na mama mmoja amekaa na daftari anaandika nani katoa nini. Sasa naomba kuuliza: fungu la kumi la nini? Mtu asiyejua amelipwa saa ngapi, amekatwa kiasi gani, na jumla ilikuwa ngapi kabla ya makato, atagawa nini kwa kumi? Kuhesabu kwa mhasibu wa kanisa ni utumishi, kwa dereva wa tipa ni uasi. Na barua ya Yakobo, sura ya 5, inawaka hasira juu ya ujira wa wavunaji uliozuiwa na matajiri. Mchungaji hakufika huko. Huenda kurasa zimegandana kwa vumbi la malori.

Lakini nisimwonee mchungaji peke yake. Imani hii iko kila mahali, kuanzia Dilala hadi Manika, kwenye mabasi ya wafanyakazi, mezani nyumbani, hata ndani ya sendika: mfanyakazi mzuri haulizi. Akiuliza, hana shukrani.

Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 haikuandikwa na waasi. Inamtaka mwajiri, kila anapolipa, ampe mfanyakazi mchanganuo ulioandikwa wa malipo yake. Inaweka saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na mapumziko katika kila siku saba. Saa ikizidi, malipo yanapanda. Basi mtu asiyeoneshwa saa zake atajuaje kama zimezidi?

Tena kuna kifungu ambacho wakubwa wa sutretansi wanakijua kuliko sala ya Baba Yetu. Kibarua wa siku kwa siku akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Siku 22 tu! Kwa hiyo orodha ya mahudhurio ndiyo mkataba wenyewe. Anayeishika ndiye anayeamua kama wewe ni mfanyakazi au mpita njia, na ndiyo maana imefungiwa kabatini kama dhahabu. Na hao wa sutretansi si wachache: mwaka 2021, shirika la RAID la Uingereza na CAJJ la hapa hapa Kolwezi walichunguza migodi mitano mikubwa ya kobalti, wakakadiria kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi wake wako chini ya makandarasi. Sheria ya 2017 ilitaka kandarasi hizo ziende kwa Wakongomani. Vizuri sana. Zimekwenda, na Mkongomani naye amejifunza haraka kuficha karatasi kama mabosi waliomtangulia.

Mpwa wangu anaendesha tipa kwa mmoja wa makandarasi hao. Miezi mitatu mfululizo alipokea pesa tatu tofauti kwa zamu zile zile. Alipomuuliza kapita, jibu lilikuwa: "Mulango iko wazi, kijana. Benye kutafuta kazi beko bengi inje." Ratiba yake nayo inakuja kwa simu usiku wa manane: kesho asubuhi, hapana, kesho usiku. Asipoisikia simu, anakatwa siku nzima. Na pale getini anapitisha kadi kwenye mashine kila anapoingia na kila anapotoka. Akichelewa dakika kumi mashine inakumbuka vizuri. Akizidisha saa mbili, mashine inapatwa na usahaulifu.

Sasa tuitazame Serikali yetu, maana nayo ni mfanyakazi mwenye mashaka na hesabu. Mwaka 2021 ilianza kuishuku CMOC ya China kwamba haijatangaza akiba yote ya shaba na kobalti iliyo kwenye mgodi wa Tenke Fungurume (TFM). Je, iliambiwa ishukuru kwa kuwa mwekezaji amekuja? Ilidai vitabu. Mwaka 2022 mali ya TFM ikazuiwa kutoka nchini, na Julai 2023 CMOC ikakubali kuilipa Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, dola milioni 800. Sikusikia mahubiri kwamba Gécamines ina roho ya uasi. Ikidaiwa milioni 800, ni uzalendo. Zikidaiwa saa nne za ziada, ni utovu wa shukrani. Nchi hii imepanga kobalti itakayoruhusiwa kwenda nje mwaka 2026: tani 96,600. Inayahesabu mawe namna hiyo, halafu inashindwa kuhesabu saa za anayeyachimba?

Afisa mmoja wa mambo ya wafanyakazi alinijibu hoja hii ya buletini kwa upole mwingi: ujumbe wa benki kwenye simu unatosha, na buletini ingewachanganya watu bure, maana wengi hawaielewi. Hawaielewi! Watu hao hao mnawapa malori yenye uzito wa nyumba, mnawafunza alama za usalama, mnawapa mtihani kabla ya kuwakabidhi usukani. Wanaielewa mashine ya mamilioni ya dola, lakini kujumlisha na kutoa kutawapa kizunguzungu. Ujumbe wa benki unasema pesa imeingia, basi. Hausemi imepungua kwa nini, wala kama ile asilimia 5 ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, iliyokatwa kwa ajili ya uzee wako imekatwa kwa hesabu ipi. Ukipita kwenye peaji ya barabara ya Likasi unapewa risiti. SNEL, kampuni ya umeme, inakuletea fakture hata ya mwezi ambao umeme uliishia kwenye migodi na sisi tukanunua mishumaa. Mwezi mzima wa jasho ndio pekee usiostahili kipande cha karatasi.

Anayedhani haya ni mambo madogo awaulize wazee wa Gécamines. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, baada ya miezi na miezi bila mshahara. Kila mmoja alipewa fungu lake. Kwa miaka mingi baadaye walikuwa bado wanalalamikia namna lilivyopigiwa hesabu. Wengi wamezikwa na swali hilo.

Basi, ndugu yangu wa zamu, nunua daftari. Andika kila siku saa ya kuingia na saa ya kutoka. Ratiba ikibandikwa, ipige picha. Dai buletini kwa maandishi, na msimwachie mmoja atangulie peke yake: nendeni wengi, na mkinyimwa, fikeni kwa Mkaguzi wa Kazi. Msikae mkingoja neema, kwa sababu mbele ya sheria yetu madai ya mshahara hufa yakishatimiza mwaka mmoja.