Elimu ya anga za juu ina manufaa kwa mfugaji wa Garissa

MKAZI wa kijijini katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera huhitaji tu kutoka nje usiku usio na mwezi ili aone kile ambacho taa za Nairobi huficha: ukanda mweupe wa mabilioni ya nyota za galaksi yetu. Isitoshe, mstari wa Ikweta hupita katika kaunti ya Garissa, hivyo katika kipindi cha mwaka mmoja takriban nyota zote za kaskazini na kusini huonekana huko.

Elimu ya anga si jambo geni kwa jamii hizo. Mwaka wa 1968, mtaalamu wa Kisomali, Muuse Galaal, alichapisha utafiti kuhusu jinsi wafugaji wanavyotumia nyota na mwezi kuhesabu majira na kutabiri mvua. Hadi leo, kila Ramadhani inapokaribia, macho huelekezwa magharibi kuutafuta mwezi mwandamo.

Kenya nayo ina historia ndefu katika uwanja huu. Desemba 12, 1970, setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ilirushwa kutoka kituo cha San Marco, baharini karibu na Malindi. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka wa 2017, na Aprili 15, 2023 setilaiti ya Taifa-1 ikarushwa kutoka California, Marekani.

Hata hivyo, mwananchi wa kawaida anaweza kuuliza: mambo haya yanamfaa nini mfugaji ambaye kisima chake kimekauka?

Jibu limo katika bima ya mifugo. Mpango wa serikali ulioanzishwa mwaka wa 2015, kwanza Wajir na Turkana, haukutegemea kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima mwanga unaoakisiwa na mimea. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha angani aina nyingine ya mwanga usioonekana kwa macho. Jani lililokauka halifanyi hivyo. Kiwango cha ukijani kikishuka chini ya kilichowekwa, wenye bima hulipwa.

Mbinu hii ina faida, kwani malipo yanaweza kutolewa kabla mifugo haijafa. Lakini ina kasoro pia. Kipimo huonyesha hali ya eneo zima, si ya boma moja. Aidha, kichaka cha mathenge kinaweza kubaki kibichi ilhali nyasi zimekauka. Mfugaji asiyejua setilaiti inaona nini hawezi kuuliza kwa nini jirani wa eneo la pili amelipwa naye hakulipwa. Baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya 2020 na 2022, swali hilo si dogo.

Kikwazo kikubwa ni walimu. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na shule zikabaki na upungufu mkubwa. Bila mwalimu wa fizikia, maajabu ya angani hubaki kuwa hadithi.

Kuna njia ambazo hazihitaji fedha nyingi. Kundi la Travelling Telescope la Susan Murabana na Chu Owen limedhihirisha kuwa darubini inaweza kubebwa hadi shuleni, watoto wakajionea pete za Zohali. Redio zinazotangaza kwa Kisomali zinaweza kueleza kazi ya setilaiti kwa lugha ya wenyeji, na Chuo Kikuu cha Garissa kinaweza kuandaa mikesha ya kutazama nyota pamoja na wazee wanaozijua kwa majina.

Setilaiti tayari zinatumiwa kuamua nani alipwe na nani asubiri. Ni haki ya wanaohukumiwa kutoka angani kuelewa jinsi hukumu hiyo inavyofikiwa.