Mwenye Gari wa Tatu Anaishi Kombewa

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za watu zimenibana, lakini Jumamosi iliyopita nimechokozwa na leo sinyamazi.

Nilikuwa nyumbani Kombewa kwenye matanga. Anayetoka upande huu wa ziwa anajua kwamba maonyesho makubwa ya magari hayafanyiki katika ukumbi wowote Nairobi. Yanafanyika Jumamosi kwenye boma la marehemu, wana wa nyumbani wanapofika kutoka mjini na kuegesha kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Kulikuwa na Prado tatu, Harrier sijui ngapi, Lexus moja nyeusi, na zile Probox zilizotuleta sisi wengine kutoka Kisumu. Katikati yao kulikuwa na gari moja ambalo vijana walilizunguka kama siafu. Kubwa, jeupe, taa zake ni mistari miwili ya kulala, na mbele lina nembo yenye mabawa. "Omera, hiyo ni Bentley!" mmoja akasema. Mwingine akaapa ni Aston Martin.

Ilikuwa Genesis GV80.

Binamu yangu, anayefanya kazi Nairobi na ambaye hulala na video za magari, akatangaza mbele ya watu: "Miaka mitano ijayo, Lexus imekwisha Kenya. Hii ndiyo gari." Nikamwambia hapana. Tukabishana mpaka wazee wakatuambia tukumbuke tumekuja kuzika. Niliyoshindwa kumaliza pale nayamaliza hapa.

Kwanza nimpe haki yake. Genesis si gari la mchezo. Ni chapa ya kifahari ya Hyundai, ilitangazwa kama chapa inayojitegemea Novemba 2015. Ilianza na saluni, halafu Januari 2020 ikaingia kwenye SUV kwa GV80, na kabla mwaka huo haujaisha ikaleta GV70. Wazo lilikuwa sahihi: dunia nzima watu wanahama kutoka saluni kwenda SUV, na chapa ya kifahari isiyo na SUV ni kama duka lisilouza sukari. Ngozi ya viti, skrini, ukimya wa ndani, vyote vizuri. Kama mashindano ni ya siku ya kwanza, hata mimi naipa kura yangu.

Lakini gari kwetu haliishi siku moja, na hapo ndipo binamu yangu anapopotea. Anaamini chapa ya kifahari inajengwa na mtu wa kwanza kulinunua. Mimi nasema Kenya inajengwa na mwenye gari wa tatu.

Ngoja nifafanue. Wa kwanza yuko Nairobi, pesa anayo, na akichoka baada ya miaka minne analiuza. Wa pili yuko Kisumu, pengine daktari au mwenye hoteli. Naye akichoka analiuza kwa wa tatu, ambaye ni mwalimu mstaafu wa Seme mwenye kiinua mgongo mkononi na barabara ya mawe kutoka lami mpaka mlangoni kwake. Sasa jiulize: huyu wa pili atakubali kulipa ngapi? Atalipa kulingana na anachotarajia kupata kwa wa tatu. Na wa kwanza je? Kulingana na wa pili. Bei ya gari jipya Nairobi inaanza kuhesabiwa Kombewa, chini ya mwembe, na fundi aliyelala kwa mgongo akiangalia mvujo wa mafuta.

Angalia Lexus ilivyofanya. Toyota iliizindua Marekani mwaka 1989, na ilipotaka kuingia kwenye SUV mwaka 1996 ilileta LX 450. Ilikuwa nini hasa? Land Cruiser 80 iliyovishwa suti, injini ileile ya lita 4.5. Mwaka 1998 ikaja RX 300, na hiyo Japani iliitwa Toyota Harrier, kwa sababu jina la Lexus halikuanza kutumika Japani mpaka 2005. Maana yake kwetu ni kubwa. Harrier za mitumba zilipomiminika Mombasa, mafundi wetu walikuwa wanajifunza Lexus bila kujua wanajifunza Lexus. Siku RX yenyewe ilipoingia gereji ya jua kali, fundi alifungua boneti na kukuta jamaa zake wa zamani. Lexus haikuhitaji kutushawishi. Mwenye gari wa tatu alikuwa amekwisha kuandaliwa.

Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili vizuri. Lugha ya programu haishindi kwa sababu ni nzuri. Inashinda kwa sababu ukikwama saa nane za usiku, kuna mtu mahali fulani aliyekwama hapohapo kabla yako na akaandika jibu. Nimeona mifumo mizuri ikifa na mifumo mibaya ikiishi miaka ishirini kwa sababu hiyo tu. Toyota ndio mfumo wenye majibu mengi Kenya: ukisimama Kisian gari likiwa limezima, wa kwanza kupita na wa pili kupita wote wana la kukuambia. Ukisimama na GV80, watapiga nayo picha.

Binamu alijibu, "Basi zikija nyingi, mafundi watajifunza." Sawa, zitatoka wapi hizo nyingi? Kenya hairuhusu kusajili gari la usukani wa kushoto, isipokuwa yale ya kazi maalumu, na gari la mtumba lisizidi umri wa miaka 8. Mto wetu wa magari ni Japani, na Hyundai iliporudi Japani mwaka 2022 ilikwenda na Ioniq 5 na Nexo, Genesis ikabaki nyumbani. Genesis za Korea kwenyewe ni za usukani wa kushoto. Za Marekani, kushoto. Za Dubai na Muscat ambako ndugu zetu wanaziona kila siku, kushoto pia. Inabaki Uingereza, ambako Genesis ilianza kuuza mwaka 2021, na Australia. Huo si mto, hayo ni matone. Na fundi hajifunzi kwa matone.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, kwa sababu hili si la nadharia.

Baba yangu mdogo ni mwalimu mstaafu. Mwaka juzi alinunua kwa mtu Kisumu gari la kifahari la chapa ambayo sitaitaja. Si Toyota wala si Genesis. Lilikuwa na miaka kumi na mbili, na bei yake ilikuwa chini kuliko Harrier ya umri huo. Sote tulishangilia. Mimi mwenyewe, msomi wa kompyuta wa familia, nilimwambia, "Baba, umepata." Likatembea miezi minane. Halafu siku moja akitoka kanisani giaboksi ikakataa kuvuka gia ya tatu na taa ya injini ikawaka.

Nikaja na laptopu yangu na kile kifaa kidogo cha ELM327, unachochomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Nikasoma: P0700. Nikahisi mimi ni daktari. Halafu nikaenda kutafuta maana yake, na maana yake ni kwamba kompyuta ya giaboksi imeripoti kuna hitilafu. Basi. Ni kama kumpigia mtu simu akuambie, "Kuna habari mbaya," kisha akate.

Kwa nini? Kwa sababu sheria ya Marekani iliyolazimisha soketi hiyo kwenye magari ya kuanzia 1996 ilikuwa inajali moshi. Ililazimisha watengenezaji wote watumie namba zilezile kwa mambo yanayohusu hewa chafu. Mengine mengi yanakaa kwenye namba za siri za mtengenezaji, na kuzisoma unahitaji kifaa chake. Kwa Toyota siri hizo zimekwisha kuvuja zamani. Hata vifaa vya bei nafuu Kisumu vinazisoma. Kwa gari la baba mdogo, fundi alichomeka kifaa chake, akatikisa kichwa, akanirudishia ufunguo kwa heshima kama mtu anayerudisha maiti.

Nairobi walituambia kompyuta ya giaboksi imekufa. Ya mtumba haikubali, kwa sababu imefungwa na namba ya chesisi ya gari ilikotoka. Lazima iwe mpya, kutoka nje, halafu ipangwe na kifaa cha kampuni. Gharama ilizidi nusu ya bei aliyolinunulia. Gari liko chini ya mwembe mpaka leo, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma cha ngozi, na baba mdogo anapanda Probox kwenda Kisumu na magoti yakiwa kidevuni. Hajanilaumu hata siku moja. Ndiyo maana inaniuma.

Ile bei ya chini tuliyoishangilia ilikuwa soko likitueleza yote haya mapema. Sisi hatukusikia.

Najua kuna watakaosema tatizo letu Wakenya ni kuogopa vipya, na mfano wao ni Mobius. Nimeusikia wimbo huo sana: "Tulitengenezewa gari letu wenyewe tukalikataa, hatupendi chetu." Tafadhali. Mobius ilianza na wazo zuri sana. Mwingereza Joel Jackson aliliwaza karibu na mwaka 2009 alipokuwa akifanya kazi na wakulima Pwani: gari gumu, rahisi, la barabara mbovu, bila mapambo. Mobius II ilipoanza kuuzwa ilikuwa chini ya shilingi milioni moja kabla ya kodi, na haikuwa hata na kiyoyozi. Watu walicheka sura yake, lakini ule ulikuwa mtazamo uliojengwa juu ya barabara kama za Seme.

Halafu mwaka 2021 ikatangazwa Mobius III. Skrini ya kugusa, viti vya ngozi, injini ya turbo, bei karibu shilingi milioni 4. Wanaojua magari waliona mara moja linavyofanana na BJ40 ya BAIC wa China. Kampuni changa, yenye magari machache barabarani, ikaamua kupanda ngazi na kwenda kupigana kwenye ukumbi wa kifahari, mahali ambapo kwa pesa hizohizo mtu anapata Harrier ambayo anajua atamuuzia nani. Agosti 2024 wanahisa wakaamua kampuni ifilisiwe, na kabla mwezi haujaisha ikatangazwa kwamba itanunuliwa na Silver Box, kampuni ya Mashariki ya Kati.

Hiyo ilikuwa chuki dhidi ya cha nyumbani? Hapana. Wakenya walifanya hesabu. Waliangalia ngazi nzima, wakatafuta mwenye gari wa tatu, hawakumwona. Kumtukana mnunuzi kwa kukosa uzalendo ni sawa na mimi kumtukana mteja kwa kutopenda programu yangu inayozima kila dakika tano.

Mtaniambia Genesis haikutengenezwa kwa ajili ya Kombewa, na Hyundai haikosi usingizi kwa ajili yetu. Kweli. Pia Genesis si Mobius: nyuma yake kuna moja ya makampuni makubwa kabisa ya magari duniani, na injini yake ya lita 2.5 ya turbo ni ya ukoo mmoja na zinazopatikana kwenye Hyundai Santa Fe na Kia Sorento. Hilo ni tumaini la kweli. Lakini ndani yake kuna mifumo ya umeme, skrini na kompyuta nyingi. Na magari ya leo hufa kwa kompyuta kabla ya kufa kwa pistoni.

Kwa hiyo chapa yoyote mpya ya kifahari inayotaka kuuza SUV hapa, iwe ya Korea au ya China, ushauri wangu ni wa bure. Msituletee tangazo lenye simba na machweo. Leteni maghala ya vipuri. Wekeni hadharani vitabu vya ufundi na namba zote za hitilafu, ili hata mtoto wa Seme mwenye laptopu azisome. Ruhusuni kompyuta ya mtumba ihamishwe kutoka gari moja hadi jingine. Chukueni mafundi hamsini wa jua kali kutoka Kisumu, Nakuru na Mombasa, wafundisheni wiki mbili, wapeni vifaa. Mkifanya hivyo, mwenye gari wa tatu atawapandishia bei mpaka kwa wa kwanza. Msipofanya, mtauza kwa wenye pesa za kupoteza, nao hawatoshi.

Nawe unayetamani nembo ya mabawa, kabla hujatoa shilingi piga simu mbili. Ya kwanza kwa muuza vipuri wa Kirinyaga Road, umuulize bei ya taa moja ya mbele na itachukua siku ngapi kufika. Ya pili kwa fundi wako, umuulize kama kifaa chake kinasoma kompyuta ya giaboksi ya gari hilo. Mimi sikupiga hata moja kwa niaba ya baba mdogo.

Jumamosi ile jioni mwenye GV80 aliondoka taratibu, akipita juu ya mawe kama anayevuka mto kwa miguu mitupu. Vijana walimpigia makofi. Gari lilipendeza kweli. Nikamwambia binamu yangu: siku nitakapomkuta fundi wa jua kali Kisumu amefungua boneti ya gari lile, anapiga mluzi, na hajampigia mtu yeyote simu, siku hiyo nitakununulia samaki mzima kule ufukweni na nitakiri mbele ya watu kwamba ulishinda.

Tukutane tena. Mimi naenda kufukuza kuku.