Daktari wa mgodi alimpima nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya jambo ambalo sisi wa Mbeya tumeanza kulisahau. Wapo wanaosema kwamba mkoloni, pamoja na ubaya wake wote, alituletea madaktari. Mimi nasema tuulize kwanza: daktari yule alilipwa na nani, na alimpima mtu kwa faida ya nani?

Katika miaka ya mwisho ya ukoloni vijana wa nyanda hizi, hasa wa Rungwe, waliandikishwa kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Aliyewaandikisha ni shirika la wenye migodi, WNLA, ambalo wengi waliliita Wenela. Kabla ya safari kijana alivuliwa nguo, akapimwa uzito na kifua. Mwenye nguvu alichukuliwa, dhaifu akarudishwa kwao. Huo haukuwa uganga wa kumponya mgonjwa. Ulikuwa ukaguzi wa mnunuzi wa ng'ombe mnadani.

Historia inathibitisha hayo. Mwaka 1912 wenye migodi walishirikiana na serikali yao kuanzisha taasisi ya utafiti wa tiba mjini Johannesburg. Mwaka 1913 Afrika Kusini ilikataza kuajiri watu wa kaskazini ya latitudo 22, kwa sababu walikuwa wakifa mno kwa nimonia. Chanjo ya nimonia ikajaribiwa kwa wachimbaji wenyewe. Miaka ya 1930 katazo likaondolewa, na njia ya kuja hadi Tanganyika ikafunguka.

Sikatai kwamba utafiti ule ulileta elimu. Lakini tazameni ugonjwa upi ulishughulikiwa upesi. Nimonia humuua kibarua kabla hajamaliza mkataba, nayo ni hasara kwa tajiri. Vumbi la mawe huharibu mapafu polepole, na mara nyingi mtu huanza kukohoa akiwa amekwisha rudi kijijini. Hasara hiyo ilibebwa na mke, watoto na zahanati zetu. Sheria za fidia za huko nazo ziliendelea kubagua kwa rangi hadi 1993.

Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya kampuni sita za dhahabu kuwalipa wagonjwa wa mapafu na familia za marehemu. Lakini yanawahusu waliofanya kazi kuanzia 12 Machi 1965. Serikali yetu ilikuwa imekwisha ifungia mlango Wenela baada ya Uhuru. Kwa hiyo wazee wetu waliokwenda zamani zile wamebaki nje.

Ndugu Mhariri, haya si ya kale tu. Baadhi ya wanafunzi ninaowafundisha, baba zao wako Chunya, wanasaga mawe ya dhahabu pua wazi. Tunayo Sheria Na. 5 ya 2003 ya usalama na afya mahali pa kazi, nayo ni nzuri. Naomba wahusika waifikishe mpaka kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo, na mtu apimwe mapafu anapoacha kazi, si anapoajiriwa tu. Pia serikali za vijiji ziwaandike wanaofanya kazi hiyo, ili kesho watoto wao wasikose ushahidi kama walivyokosa wajukuu wa Wenela.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbalizi, Mbeya.