Kilo Tatu za Siri

Mwezi huu naungama. Ninyi mnaonisoma kila mwezi mnajua nilivyo hodari wa kuwapa watu ushauri: zima simu ukiwa na mwenzio, kazi usiilete chumbani, likizo ni likizo. Sasa kaeni vizuri msikie mshauri wenu alivyofanya.

Januari mimi na mume wangu tulitimiza miaka saba ya ndoa. Sherehe hatukutaka. Tulikuwa na vijisenti tulivyochanga mwaka mzima, tukaamua tuvitumie kwenda Oman kutembea milimani. Watu walitushangaa kweli kweli. Yaani mnaiacha Kilimanjaro hapa nyumbani mnakwenda kupanda milima ya Waarabu? Jibu letu lilikuwa kwamba Kilimanjaro inataka siku tano, sita za kulala mlimani, na sisi mazoezi yetu ni kupanda ngazi za ofisini. Halafu rafiki yangu mmoja wa Unguja ana shangazi yake Muscat, naye alishasema nyumba ni yetu. Ahadi kati yetu wawili ilikuwa moja tu, na aliyeitoa ni mimi kwa mdomo wangu: siku nane, hakuna kazi.

Tatizo ni kwamba jarida lilikuwa linakwenda kwa mpiga chapa Jumatatu ya katikati ya safari hiyo. Wenzangu walinihakikishia watamaliza wenyewe. Mimi nikajifanya nimekubali, usiku nikaichukua laptopu yangu ya zamani, ile nene, nikaifunga kwenye kanga na kuizamisha chini ya masweta. Yenyewe kilo mbili na robo, chaja yake peke yake zaidi ya nusu kilo. Karibu kilo tatu za siri.

Jebel Shams, yaani mlima wa jua, ndio mlima mrefu kuliko yote Oman, mita kama 3,000. Sisi hatukwenda kileleni. Tulifuata njia wanayoiita ya roshani, inayoanzia kijiji cha Al Khitaym na kupita ukingoni mwa korongo lenye kina cha karibu kilomita moja. Upande mmoja jabali, upande mwingine hewa tupu. Ni kama kilomita nne kwenda, na mwisho wake unakuta kijiji cha As Sab kilichohamwa, nyumba za mawe zimebanwa chini ya mwamba, na chini yake ngazi za mashamba ambayo hayalimwi tena. Mbuzi wanakufuata wakitaka chakula chako. Jua kali, upepo baridi. Kama una mtu unayempenda, mpeleke.

Kufika njiani mabega yakaanza kulalamika. Mume wangu akaniona ninavyojikongoja, akasema, "Lete begi, mama." Nikakataa. Mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu akalichukua tu, akalipima kwa mkono, akanitazama. Akafungua zipu, akaona pembe ya laptopu inachungulia kwenye kanga.

Hakusema kitu. Alihamishia maji yake na machungwa kwenye begi langu, akalivaa yeye, mimi akanipa lake jepesi. Tukatembea hivyo hivyo mpaka mwisho wa safari, yeye mbele amebeba kazi yangu, mimi nyuma nayaangalia mabega yake. Wanawake wenzangu mtanielewa: bora angegomba.

Tulipofika kwenye gari tukagundua kifuniko cha chupa yake hakikukazwa. Kanga imelowa chapa. Hapa nilifanya kosa ambalo naomba usilirudie. Kifaa kikilowa maji, usikiwashe. Kama betri inatoka, itoe, ukiache kikauke, mpelekee fundi. Mimi kwa kiherehere nikabonyeza kitufe "nione tu kama kinawaka". Kikawaka sekunde mbili, kikazima, na mpaka leo hakijawaka tena.

Kwa hiyo nani kaiua laptopu? Chupa ilikuwa ya nani? Kitufe kimebonyezwa na nani? Na ilikuwa inafanya nini mlimani? Tulibishana hayo kwa takriban saa tatu za barabara ya kuteremka mpaka Muscat, kimya kirefu katikati, hasa baada ya swali lile la tatu.

Shangazi yule, ambaye tulimwita bibi, alitoka Unguja akiwa msichana mdogo miaka ya 1960. Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Tukampa shikamoo, akaitikia, akatukalisha kwa halua na kahawa, halafu akaniangalia ninavyohangaika na kile chuma kilicholowa. "Mwanangu," akasema, "umekuja kutembea au umekuja kazini?" Mume wangu akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mimi sikucheka.

Ilikuwa Ijumaa. Oman mwisho wa wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa asubuhi maduka mengi yamefungwa mpaka baada ya swala na mapumziko ya mchana. Saa hizo za kusubiri ndizo zilizonipa nafasi ya kufikiri, na nasema ukweli: laptopu haikuwa lazima. Mjukuu wa bibi alikuwa na kompyuta yake mezani, angeniazima. Kurasa ningeweza kuzisoma hata kwenye simu. Ila mimi laptopu nyepesi nilikuwa naitamani miaka miwili, na hapa nilikuwa nimepata sababu yenye sura ya dharura. Fedha yenyewe ilikuwa kwenye akaunti yetu ya pamoja, na ilikuwa na jina: mabati ya nyumba yetu ya Kibaha.

Jioni mjukuu akatupeleka Ruwi, mtaa wa biashara wa Muscat. Kijana huyo anaelewa kila neno la Kiswahili lakini anakujibu kwa Kiingereza. Dukani muuzaji Mhindi, mpole, akatupangia tatu mezani. Na hapa kuna mtego kwa sisi tuliozoea sifuri nyingi. Bei imeandikwa 285. Jicho la Mtanzania linaona 285 linatabasamu. Riali moja ya Oman ni dola 2.6, imefungwa hapo miaka mingi. Piga hesabu: dola 740 na ushee, kama shilingi milioni moja na laki tisa kwa bei ya dola ya siku zile. Tabasamu likaisha.

Mume wangu, mtu wa vipimo, alikuja na ule mzani mdogo wa kuning'iniza anaopimia mabegi ya ndege. Alipima kila laptopu pamoja na chaja yake, maana uzito unaoandikwa kwenye boksi ni wa mashine peke yake. Moja ilikuwa nyepesi ajabu, haifiki kilo, lakini bei yake ni ya mabati yote na misumari. Nyingine kilo moja na nusu na chaja kama tofali. Ya katikati ilikuwa kilo 1.2, chaja gramu mia tatu, na chaja hiyo inatumia tundu la USB-C, kwa hiyo inachaji na simu zetu. Chaja mbili tukaziacha nyumbani hapo hapo. Mwaka 2008 Steve Jobs alipochomoa MacBook Air ya kwanza kwenye bahasha, ilikuwa na kilo 1.36 na watu wakapiga makofi. Leo kilo hizo ni za kawaida, usikubali mtu akuuzie kama muujiza.

Ila wepesi una bei yake nyingine. Nyingi za hizi nyembamba memori yake imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuja kuongeza baadaye kwa fundi wa Kariakoo. Muuzaji alinishauri ya gigabaiti 8 ili nipunguze gharama, nikakataa, nikataka 16, kwa sababu nitakaa nayo miaka. Matundu nayo ni machache. Kadi ya kamera haina pa kuingia, unanunua kiunganishi. Kibodi ina herufi za Kiarabu pembeni ya zile tunazozijua, hilo halikunisumbua, na plagi ni ya pini tatu bapa kama yetu. Waranti ndiyo iliyonifanya nishike kichwa. Uliza kabla hujalipa kama inafanya kazi hapo ulipo tu au na nyumbani kwako. Ya kwangu ilikuwa ya nchi za Ghuba. Maana yake ikiharibika Dar, ni mimi na Mungu wangu. Tuliiwasha pale pale, tukajaribu kila kitufe, kamera, spika, intaneti, na risiti ikaandikwa namba ya mashine.

Kabla sijatoa kadi, nikamwambia mume wangu kwa Kiswahili, nikijua muuzaji haelewi, nikasahau mjukuu anaelewa: "Siyo lazima. Nilidanganya. Tunaweza kuondoka."

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Najua siyo lazima. Nimejua tangu mlimani. Lakini kazi huwezi kuiacha, na mbebaji ni mimi. Nunua nyepesi." Halafu akaongeza, "Ila mabati yatapungua, na hilo utamwambia fundi wewe."

Mjukuu alikuwa anaangalia dari.

Fundi wa dukani aliichomoa diski ya ile ya zamani akaiweka kwenye kikasha cha nje, kila kitu changu kilikuwemo. Kazi ile ilinichukua saa mbili Jumamosi usiku, mezani kwa bibi, mume wangu amekaa pembeni anasoma gazeti la Kiarabu ambalo hawezi kulisoma. Siku zilizobaki laptopu ilikaa kabatini kwa bibi na ufunguo alikaa nao bibi mwenyewe. Mimi ndiye niliyeomba.

Kwenye ndege niliibeba mkononi, vitu vya betri za lithiamu usiviweke kwenye begi la kupakia. Nilipopita Kariakoo baadaye kuulizia mashine ile ile, tofauti ya bei ilikuwa ndogo kuliko nilivyokuwa nimejidanganya, na pale wangenipa waranti ya hapa.

Mabati tumenunua Machi. Fundi nilimpigia mwenyewe, mume wangu amesimama pembeni amekunja mikono. Yametosha nyumba, hayakutosha kibaraza. Mvua za masika zikinyesha tukiwa kule, tunasogeza viti ndani, na kila tukisogeza ananiuliza, "Hivi ile laptopu ina kilo ngapi?"