Picha Isiyojua Mahali Pake Haifai Kuwa Shahidi

PICHA ya setilaiti si mgeni tena katika ofisi za pwani ya Lindi. Hutundikwa ukutani, hutiwa katika taarifa za miradi, na huletwa mbele ya mikutano ya vijiji ili kuonyesha wapi mikoko imepungua, wapi bahari imekula ardhi na wapi unapita mpaka wa hifadhi. Hatuna ugomvi na matumizi hayo. Kinyume chake, tunayaunga mkono. Lakini liko jambo moja ambalo tukilinyamazia litatugharimu. Picha inaweza kumfikia mwananchi ikiwa safi na ya kupendeza, huku imekwisha kupoteza kile kilichoipa thamani, yaani habari ya mahali ilipopigwa.

Yafaa ieleweke jinsi hasara hiyo inavyotokea. Ndani ya faili la picha ya setilaiti iliyotayarishwa kwa kazi ya ramani mna tarakimu zinazosema kona yake iko wapi duniani, kila pikseli inachukua mita ngapi za ardhi, na vipimo hivyo vimejengwa juu ya msingi gani. Pengine tarakimu za kona na za pikseli huwekwa katika faili dogo la pembeni lenye mistari 6 tu. Mtumishi akiifungua picha hiyo kwa programu ya kawaida ya kupamba picha, akaikata, akaing'arisha rangi na kuihifadhi upya, programu hiyo isiyojua ramani yaweza kuzitupa tarakimu zote bila ya kusema neno. Hata faili la pembeni likisalimika, picha ikikatwa upande wa juu au wa kushoto na tarakimu za kona zisibadilishwe, kila kilichomo ndani yake kimehamishwa. Mikoko itaonekana ilipo bahari, na bahari itaonekana yalipo makaburi.

Wavuvi wetu hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Mvuvi akiulizwa mwamba wake uko wapi, hajibu kwa kueleza rangi ya maji. Hutaja alama mbili za nchi kavu zinazopaswa kulingana upande huu, na mbili nyingine upande wa pili; palipokutana mistari hiyo ndipo penye mwamba. Mtu akimwondolea alama hizo, amemwachia maji matupu. Ndivyo ilivyo picha iliyonyang'anywa tarakimu zake.

Iko hatari ya pili iliyojificha zaidi. Ramani za zamani za nchi yetu za kipimo cha 1:50,000 zilijengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Setilaiti, na simu zenye GPS, hutumia msingi mwingine uitwao WGS 84. Mahali pamoja hupata tarakimu tofauti katika misingi hii miwili, na katika gridi ya ramani tofauti hiyo ni kiasi cha mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Katika nyika pana mita 300 zaweza kupita bila ya kugunduliwa. Katika visiwa vyetu zatosha kuitoa nyumba ya mtu kijijini na kuitumbukiza baharini. Kwa hiyo haitoshi kuandika tarakimu. Lazima iandikwe pia ni tarakimu za msingi gani.

Tuchukue mfano wa mikoko. Pwani yetu, pamoja na delta ya Rufiji na Mafia, iliorodheshwa mwaka 2004 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na mikoko ndiyo roho yake. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga picha dunia tangu mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 hazina ya picha hizo imekuwa bure kwa kila mtu. Hiyo ni kumbukumbu ya zaidi ya miaka 50, na ni mali yetu pia. Lakini katika picha nyingi za Landsat pikseli moja ni mita 30 za ardhi. Mikoko iliyoota kando ya mkondo mara nyingi ni ukanda mwembamba. Ukanda wa mita 60 ni pikseli 2 tu. Picha mbili za miaka tofauti zikipishana kwa pikseli 2, kompyuta itatangaza kwamba ukanda mzima umekatwa na kwamba mwingine umeota kando yake. Hapajaanguka mti hata mmoja. Lakini kijiji kizima kitaitwa kujieleza.

Na kinyume chake ni kweli. Mahali ambapo mikoko imekatwa kwa dhati, mwenye shoka atajitetea kwa kuonyesha kwamba picha ya Serikali haina vipimo, na utetezi wake utakuwa wa haki. Ofisa aliyeipoteza habari ya mahali amemvua nguo shahidi wake mwenyewe.

Jambo hili linagusa pia urithi wetu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa miongoni mwa yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014. Adui mmojawapo ni mawimbi yanayoila fukwe ya Kisiwani. Anayetaka kujua fukwe imerudi nyuma kwa mita ngapi hana budi kulinganisha picha za miaka mingi, zenye ukali wa kutosha, zinazolingana mahali kwa mahali. Lazima ajue pia siku na saa ya kila picha, maana kati ya maji kupwa na maji kujaa wakati wa bamvua bahari yetu hupanda mita 3 hivi. Asiyejua saa ya picha atadhani nchi imezama, kumbe maji yamejaa tu.

Tukumbuke vilevile Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, na jinsi barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam ilivyokatika huko Somanga. Siku za namna hiyo kila ofisi hutaka picha upesi, na picha hurushwa kutoka simu hadi simu. Haraka hiyo ndiyo inayozipotezea mahali pake, katika saa ambayo aliyekwama anahitaji kutafutwa mahali hasa alipo.

Wapo watakaosema kwamba mwananchi anataka picha ya kuonekana tu, na kwamba kazi hii yataka programu za bei kubwa. Hatukubaliani nao. Programu ya QGIS hutolewa bure, na huikata picha bila ya kuipotezea mahali. Hakuna ubaya kutuma picha nyepesi kwa simu ili watu waitazame. Ubaya ni kuifanya hiyo ndiyo kumbukumbu. Ni kweli kwamba picha iliyopotea mahali yaweza kurudishwa kwa kulinganisha alama zinazojulikana, lakini kazi hiyo hula siku nyingi, na makosa huingia humo.

Kwa hiyo tunazishauri halmashauri zetu, wakala wa misitu na wasimamizi wa mambo ya kale mambo manne. Kwanza, picha ya asili isiguswe. Kazi ifanywe juu ya nakala. Pili, kila picha iandikwe tarehe, saa, msingi wa vipimo na jina la setilaiti. Tatu, kabla ya picha kutumiwa kukata shauri lolote, ijaribiwe kwa kulinganishwa na alama zisizohama, kama vile kona za majengo ya mawe na magati, na tofauti iliyoonekana itajwe wazi. Nne, nakala inayopelekwa kijijini iwe na mistari ya gridi, kipimo, na mshale wa kaskazini, ili mtu mwenye simu yake aweze kusimama pale pale na kuhakikisha.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tunasema hivi: msizikatae picha, wala msizikubali kwa uzuri wake. Ikiletwa picha mkutanoni kuhusu mpaka, mikoko au fidia, ulizeni ilipigwa lini, bahari ilikuwa imejaa au imepwa, na vipimo vyake viko wapi. Hayo si maswali ya ukorofi. Ni maswali ambayo ofisa mwadilifu atafurahi kuyajibu, na asiyeweza kuyajibu hana budi kurudi ofisini akajitayarishe kabla ya kumnyooshea mtu kidole.