Simu haipangi kabati la dawa

Mbinu za Kijapani za kupanga na kuboresha kazi, 5S na Kaizen, zilizoingia Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007, huanzia pale kazi inapofanyika: kwenye kabati, faili na foleni. Kwa hiyo watumishi wa afya wa vijijini kama Buigiri, wilayani Chamwino, wapewe nadharia kwa simu, kisha mkufunzi awafuate kituoni. Watakaolalamikia gharama za safari wakumbuke kuwa semina ya wiki nzima mjini Dodoma nayo ina posho, tena huacha zamu bila muuguzi. Bando, bila shaka, alipe mwajiri. Na masomo yawe ya sauti pia. Buigiri, yenye shule ya wasioona, inajua kuwa si kila mfanyakazi husoma kioo cha simu.