Mitaa ya Maduka Isiwasahau Wakaazi

Mtaa wa maduka haupimwi kwa wingi wa bidhaa peke yake. Hupimwa pia kwa raha ya wale wanaoishi ndani yake na wanaoupita kila siku. Kwa kipimo hicho tungependa leo kuutazama Mji Mkongwe wa Unguja, ambao mwaka 2000 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Waliojenga mitaa hiyo walifanya kwa busara. Katika nyumba nyingi duka lilikuwa chini, na mwenye duka akiishi juu pamoja na aila yake. Njia zilifanywa nyembamba ili majumba yazikinge na jua. Kwenye kuta za nje zikajengwa baraza za mawe, ambapo mzee hupumzika, mpita njia huamkiwa na habari za mtaa hupokelewa kwa kikombe cha kahawa. Hivyo biashara na maisha vilikuwa kitu kimoja, na maduka yalipofungwa usiku, mtaa haukukosa macho ya kuulinda.

Baada ya mwaka 1964 wengi wa wenye maduka hao walihama. Tangu miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa masharti na utalii ukapaliliwa, maduka yamefufuka, lakini kwa sura nyengine. Pale Gizenga na Hurumzi aghlabu huuzwa vinyago, picha za kuchorwa na viungo vilivyofungwa kwa ajili ya wageni. Mkaazi anayetaka mchele, samaki au mboga hana budi kwenda Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904. Kwa kijana hayo si masafa. Kwa bibi mzee mwenye kikapu, anayepishana na vespa katika kichochoro na kuikuta baraza ya kupumzikia imesheheni bidhaa, hayo ni mashaka.

Hatuupingi utalii, kwani unawalisha wananchi wengi. Lakini ni dhahiri kwamba mgeni huja kuuona mji ulio hai. Mkaazi akishindwa na kodi, akahama, na chumba chake kikawa cha kulaza wageni, kitakachobaki ni ganda la mji.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wahusika. Baraza la Manispaa na Mamlaka ya Mji Mkongwe, wanapozingatia maombi ya leseni, wauangalie mtaa mzima, ili duka la vyakula, fundi cherehani na kinyozi wasikose nafasi. Vyombo vya moto viwekewe saa maalumu katika njia nyembamba. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo ina nyumba nyingi humo, iendelee kukumbuka kwamba mpangaji wa kipato kidogo naye ni sehemu ya urithi huo.

Wafanyabiashara nao wana wajibu wao. Baraza si rafu ya duka, wala mtaro si jaa la taka.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapana budi tuhakikishe kwamba mgeni anapokuja, mwenyeji bado yupo, na anapona kweli.